Mjamzito kakutwa na kaswende, mume yuko dago la uvuvi: sindano kwanza au mume kwanza?

Mkunga wa Makorora (mleta uzi)

Wanajamvi, habari za jioni.

Mimi ni mkunga mstaafu, makazi yangu Makorora, Tanga mjini. Nimefanya kazi kliniki ya mama na mtoto na wodi ya wazazi kwa miaka mingi, na hili ninalolileta nimelibeba muda mrefu. Juzi nilikuwa msibani Ngamiani. Nyuma yangu walikaa kina mama wawili, mmoja ana mimba ya miezi minne na hajaanza kliniki. Mwenzake akamuuliza anangoja nini. Akajibu: "Nangoja baba yake arudi, maana ukienda peke yako wanakurudisha." Ubwabwa ulipoletwa sikuweza kula.

Nieleze kwa nini.

Mwaka sitautaja wala zahanati sitaitaja. Alikuja mama mmoja, mimba ya nne, miezi mitano, na hana mtoto hata mmoja aliye hai. Mbili ziliharibika, wa tatu alizaliwa ameshafariki. Kwao walimwambia ana mchango, na alikuwa ameshakunywa mizizi ya kila aina, kutoka Mwambani mpaka Muheza. Siku ile tukampima damu, ikaonyesha kaswende. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, nikamwambia arudi na mume ili watibiwe wote wawili. Ndivyo tulivyozoea pale. Mume alikuwa dago, na hakuna aliyejua atarudi lini. Basi akaambiwa alete barua ya serikali ya mtaa kwamba mume hayupo. Akaenda, akakuta baraza limejaa watu, akaulizwa mbele yao barua ni ya nini. Akageuka akarudi nyumbani.

Nilimwona tena baada ya miezi mitatu, leba. Mtoto alikuwa ameshafia tumboni, ngozi imeanza kuchubuka. Wa kiume. Dawa ya mtoto yule ilikuwa kabatini, hatua nne kutoka kwenye kiti alichokalia mama yake siku ile ya kwanza.

Kwa wasioijua, dawa yenyewe ni sindano ya benzathini penisilini, yuniti milioni 2.4, makalioni. Ugonjwa ukiwa mpya inatosha moja. Ukiwa wa zamani, au haijulikani ulianza lini, ni tatu, moja kila wiki. Na ili tuseme mtoto amekingwa sawasawa, mama awe ameanza kuchomwa angalau siku 30 kabla ya kujifungua. Kwa hiyo kila wiki tunayomwambia mama "kamlete mumeo" tunaikata kwenye siku za mtoto.

Wala tusidhani haya ni ya watu wachache. Utafiti wa Mwanza uliotangazwa mwaka 2002 uliwaangalia wajawazito ambao hawakupimwa kaswende, na ukakadiria kuwa nusu ya watoto waliozaliwa wafu miongoni mwao walitokana na ugonjwa huu. Wenye kaswende kali isiyotibiwa, mmoja kati ya wanne alizaa mtoto mfu. Halafu utafiti huohuo ukaonyesha kwamba waliopimwa na kuchomwa sindano moja tu walijifungua sawa na wasiokuwa na kaswende kabisa. Ni Mwanza hapahapa nchini kwetu. Kila nikiisoma habari ile namkumbuka yule mama.

Msimamo wangu nauweka wazi. Mama akikutwa nayo achomwe siku ileile, kabla hajatoka mlangoni, mume awepo asiwepo. Habari ya mume ifuate baadaye, na mama mwenyewe ndiye aishike. Shirika la Afya Duniani nalo tangu mwaka 2017 linashauri kupima na kutibu katika hudhurio lilelile la kwanza. Najua wengi hamtakubaliana nami kuhusu mume, na ndiyo maana nimeleta uzi.

Mvuvi wa Sahare

Bi mkubwa, shikamoo. Pole kwa uliyoyaona, na heko kwa kusema ulipokosea.

Lakini mimi ni mume, na ni mtu wa dago. Mke wangu akitibiwa kimyakimya, mimi nikirudi si namwambukiza upya? Hapo mmefanya nini? Ni kukumba maji ngalawani na tobo liko wazi. Halafu kuna hili la pili ambalo linaniuma zaidi. Jambo limeingia nyumbani kwangu, nesi analijua, karani wa kliniki analijua, mimi ndiye wa mwisho kuambiwa? Wanaume tunasemwa hatuji kliniki, tukitaka kujua tunaambiwa si zamu yetu.

Mkunga wa Makorora

Marahaba mwanangu. Hoja ya tobo ni ya kweli na siikwepi. Mama aliyetibiwa peke yake anaweza kuambukizwa tena kabla hajajifungua. Kwa hiyo tunamwambia mume akirudi wasikutane bila kondomu mpaka naye atibiwe, na tunampima tena kabla hajajifungua. Zipo pia kliniki zinazompa mama kikaratasi cha kumwita mwenza, hakikutaji ugonjwa, kinasema tu afike kituoni. Haki yako ya kutibiwa ipo, tena bila kuhojiwa ulikuwa wapi na nani. Ninachopinga ni kuifanya sindano ya mtoto ingoje haki yako itimie. Wewe utarudi na upepo wa kusi. Tumbo halingoji kusi.

Hilo la pili, la kuwa wa mwisho kujua, niliandikie kwa urefu kidogo, maana nyumba nyingi zinavunjika hapo kwa kutojua tu.

Mume akiambiwa mkewe ana kaswende, swali la kwanza ni "kaitoa wapi?" Kipimo hakijibu swali hilo. Kile cha haraka, cha tone la damu kidoleni, kinatafuta askari wa mwili waliowahi kupigana na kaswende. Askari hao hubaki miaka mingi, mara nyingi maisha yote, hata kama mtu alishatibiwa akapona. Kwa hiyo mama aliyepata sindano zake mwaka 2012 anaweza kuonekana anayo leo. Kuna kipimo kingine cha maabara kinachoonyesha kama ugonjwa bado uko hai, lakini si kila zahanati inacho, na pale kisipokuwepo tunamchoma tu kwa tahadhari, maana kumchoma asiyehitaji ni afadhali kuliko kumwacha anayehitaji.

Halafu kaswende ni ugonjwa wa kujificha. Kidonda cha kwanza hakiumi. Kwa mwanamke kinaweza kuwa ndani kabisa asikione. Kinapona chenyewe baada ya wiki chache, mtu anasahau, na ugonjwa unabaki kimya mwilini. Baada ya miaka kadhaa ni nadra mtu kumwambukiza mwenza wake kwa kukutana, lakini mama bado anaweza kumpa mtoto aliye tumboni. Ndiyo maana inatokea mke akakutwa nayo na mume akapimwa hana. Mume anatoka pale kifua mbele na talaka mfukoni, kumbe mke aliipata kabla hawajaonana. Na inatokea pia mume ndiye aliyeileta kutoka bandari fulani miaka sita iliyopita, hana kidonda, hana habari, anamfukuza mwenzake.

Nimeona wanawake watatu wakiachwa namna hiyo. Mmoja alirudishwa kwao Pangani na tumbo la miezi saba.

Binti wa Mabawa

Naomba niseme la kwangu bila kujificha sana. Kliniki niliyokuwa nahudhuria, mkishapimwa mnarudi kusubiri kwenye mabenchi. Waliokutwa na kitu wanaambiwa wahamie benchi la pembeni. Hakuna anayetaja ugonjwa, lakini mtaa mzima tuko pale. Niliitwa nihamie. Kumbe kwangu ilikuwa damu pungufu tu. Nilipofika nyumbani wifi alishapata habari kuwa nina "gonjwa".

Dada yangu alipobeba mimba akakataa kupima kabisa. Sikuwa na la kumwambia.

Mkunga wa Makorora

Mwanangu, ahsante kwa kusema. Benchi lile nami nimeshawahi kulipanga. Tulidhani tunarahisisha kazi. Dawa yake haihitaji fedha: kila mama aingie chumbani mmoja mmoja, akae muda uleule, atoke. Mwenye ugonjwa na asiye nao wasitofautishwe na mtu aliyeko nje. Dada yako bado ana nafasi, mwambie aende kituo kingine wasikomjua. Kuna kipimo kimoja cha tone la damu kinachopima VVU na kaswende kwa pamoja, Shirika la Afya Duniani walikipendekeza kwa wajawazito mwaka 2019. Kidole kimoja, dakika chache.

Wakili wa Barabara ya 12

Niongeze upande wa sheria, kwa kuwa naona watu wanachanganya.

Sheria ya kudhibiti VVU na UKIMWI ya mwaka 2008, namba 28, inasema mjamzito na mwanamume aliyempa mimba wapewe ushauri na wapewe nafasi ya kupima kwa hiari. Wote wawili. Haisemi mama anyimwe huduma mpaka mwanamume aje. Kumwalika baba ni jambo jema na liko kwenye sheria. Kulifanya sharti la mama kuhudumiwa ni mazoea ya vituo.

Sheria hiyohiyo inataka majibu ya VVU yawe siri, pamoja na vighairi vichache vilivyoandikwa, na inamtaka aliyejijua ana VVU amwambie mwenza wake. Lakini ni sheria ya VVU. Wajibu huo usihamishiwe kaswende kana kwamba ni kitu kimoja, tena kaswende inapona. Kwa upande wa kaswende kinachomfunga nesi ni maadili ya taaluma yake: siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa.

Na kwa mabinti: marekebisho ya mwaka 2019 yalishusha umri wa kupima VVU bila ridhaa ya mzazi kutoka 18 hadi 15. Mwenye miaka 16 na mimba, akiongozana na mama yake, aulizwe kwanza faraghani kama anataka mama aingie.

Ustadhi wa Pongwe

Assalaam aleikum. Mimi naozesha na nasuluhisha ndoa, na kesi za namna hii zimefika barazani kwangu.

Nakubaliana na Bi Mkunga kwenye mpangilio wake. Kumsitiri mtu ni ibada, na hakuna kudhuru wala kudhuriana. Mtoto aliye tumboni hana kosa, basi aanze kuokolewa yeye. Ninachokiogopa ni sitara kugeuka kuwa uongo. Mume akimuuliza mkewe waziwazi, "Ulichomwa sindano ya nini?", naye akasema ya malaria, siku ukweli ukijitokeza ndoa haitavunjwa na kaswende, itavunjwa na ule uongo. Je, manesi mnawafundisha kina mama namna ya kusema? Au mnawapa sindano na kuwaacha wakajitafutie maneno?

Mkunga wa Makorora

Ustadhi, umenigusa penye donda. Mara nyingi tunawaacha. Foleni ni ndefu, nesi ni mmoja.

Nilivyokuwa nafanya miaka yangu ya mwisho ni hivi. Namuuliza kwanza: ukimwambia leo usiku, unaogopa nini? Nasikiliza jibu. Kuna anayesema atanuna siku mbili, kuna anayesema atanipiga. Hawa hawapewi ushauri mmoja. Wa kwanza nafanya naye mazoezi ya maneno pale chumbani, mimi ndiye mume, yeye aniambie: "Kliniki wamenikuta na ugonjwa wa damu unaoweza kumuua mtoto. Wamesema unaweza kukaa mwilini miaka bila mtu kujua. Nimeanza dawa, na wewe wanakuhitaji." Kila neno hapo ni kweli. Wa pili simsukumi aseme. Nampa namba ya simu ya kituo, mume nitamwita mimi siku nyingine kwa jambo la kliniki, wapimwe pamoja kama wanaanza upya. Hapo kuna mchezo kidogo na ukweli, nakiri. Nimeuchagua nikijua, kwa sababu mama aliyepigwa ana mimba ni hatari ya leo.

Daktari Kijana Chumbageni

Mama, shikamoo. Nimekuwa nausoma uzi huu kimya, niruhusu nirudishe watu nyuma kidogo, maana utafiti wa Mwanza ulioutaja unaweza kumfanya mtu aulize: kumbe waliwaangalia tu kina mama wakizaa wafu?

Hapana, na tofauti hii ina uzito. Wale ambao hawakupimwa walipatikana wakati wa kujifungua. Hakuna aliyejua wanaumwa akawanyima sindano makusudi. Linganisha na Tuskegee, Alabama, Marekani. Kuanzia 1932 hadi 1972 idara ya afya ya serikali iliwafuatilia wanaume weusi 399 wenye kaswende ili kuona ugonjwa unavyokwenda usipotibiwa. Penisilini ikawa dawa inayojulikana miaka ya 1940, na bado hawakupewa. Watu huisimulia kama habari ya wanaume. Wanaume wale walikuwa na wake, wake wakaambukizwa, watoto wakazaliwa nayo. Rais Clinton aliomba radhi kwa niaba ya nchi mwaka 1997, miaka 25 baada ya siri kufichuka.

Karibu na kwetu, mwaka 1994 ilishathibitika kwamba dawa ya AZT inapunguza kwa takribani theluthi mbili mtoto kuambukizwa VVU na mama yake. Hata hivyo majaribio yaliyofuata ya kutafuta dozi fupi na rahisi, likiwemo moja lililohusisha Dar es Salaam, yaliwapa baadhi ya wajawazito vidonge visivyo na dawa. Mwaka 1997 ukazuka ugomvi mkubwa duniani. Watetezi walisema nchi zetu zisingeweza kuimudu dozi ndefu, kwa hiyo hakuna aliyenyimwa alichokuwa nacho. Wapinzani wakauliza kama wangethubutu kufanya hivyo kwao. Kundi la vidonge vitupu lilisimamishwa mwanzoni mwa 1998. Mimi nilisomeshwa hoja zote mbili, na mpaka leo ya pili ndiyo inayoninyima usingizi.

Na sisi huku chini hatuhitaji utafiti ili tukosee. Dawa ipo kabatini, mama yupo kitini, tunamrudisha kwa sababu ya karatasi.

Mama Saba

Mimi ni mkwe, nina wakwe watatu. Nisemee upande wetu, maana tunalaumiwa. Sindano kwa mjamzito inatisha jamani. Mke wa mwanangu alichomwa hiyo penisilini, usiku homa ikapanda, akatetemeka, tumbo likambana. Nilisema wametoa mimba. Baada ya hapo nikamkataza ya pili. Alijifungua salama lakini mtoto alikuwa njiti, na sikulala mpaka leo nikijiuliza kama ni mimi.

Mkunga wa Makorora

Dada yangu, homa ile inajulikana. Vijidudu vinapokufa kwa wingi mwili unapandwa na joto ndani ya saa 24 za kwanza, unatetemeka, wakati mwingine tumbo linabana. Aliyemchoma alipaswa kuwaambia kabla, na kuwaambia mrudi haraka tumbo likibana au mtoto akipunguza kucheza. Hamkuambiwa, mkajitafutia maana wenyewe. Kosa hilo si lako peke yako. Njiti ana sababu nyingi na hakuna anayeweza kukuambia ni ipi. Mtoto apelekwe akapimwe damu hata kama anaonekana mzima, na mama yake arudi kituoni aanze dozi upya, hata sasa.

Nami niseme kuhusu mama anayekataa, kwa kuwa umefungua mlango huo. Niliwahi kuwa na mmoja, alikataa kwa siku tatu. Daktari wetu wa wakati ule alitaka tumtishe kwamba hatapokelewa leba. Nilikataa. Mwili ni wake, na mtoto hawezi kufikiwa ila kwa kupita kwake. Ukimlazimisha leo, kesho hutamwona. Siku ya nne alikuja na mama yake mzazi. Swali lao lilikuwa moja tu: "Mkimchoma akadondoka, mna nini hapa?" Nikawaonyesha adrenalini, dawa ya kumwokoa mtu ambaye mwili wake umeikataa penisilini, nikawaeleza inafanya kazi gani. Akapanda kitandani.

Msomaji Kimya

Shikamoo mama. Sijawahi kuandika humu. Nina mimba ya wiki 27, nimekutwa nayo, sijui ni ya lini. Nilichomwa ya kwanza Jumatatu ya wiki iliyopita. Leo nimeenda ya pili wakasema zimeisha, hawajui zitakuja lini. Wamenipa vidonge vya erithromaisini nimeze nyumbani badala yake. Mume wangu hajui. Nisubiri?

Mkunga wa Makorora

Marahaba mwanangu. Usisubiri.

Vidonge hivyo havipiti kondo la nyuma vya kutosha kumtibu mtoto. Kwa mjamzito dawa ya kutegemewa ni sindano, hakuna nyingine. Uhaba wa benzathini umeshazikumba nchi nyingi, kwa hiyo siwalaumu waliokuhudumia, lakini walitakiwa wakuelekeze kwingine. Kati ya sindano na sindano zisipite siku 14, vinginevyo unaanza upya. Kwa hesabu yako ungechomwa jana, leo ni siku ya 8. Bado tuko ndani.

Uko upande gani wa mji?

Msomaji Kimya

Amboni.

Daktari Kijana Chumbageni

Mama, nimeshapiga simu kazini kwetu. Zipo. Asubuhi aje na kadi yake ya kliniki, ile yenye tarehe ya sindano ya kwanza. Barua ya mtaa haitakiwi.

Mkunga wa Makorora

Mwanangu, nimekuandikia faraghani. Panda daladala ya saa moja asubuhi, mimi nitakuwa getini. Nitavaa kanga ya bluu.